EN24 unayoiomba dukani ni mtoto wa vita

Haya ni maongezi niliyotoa kwa mafundi wakereza na wanafunzi wa mekanika. Nimeyaandika nilivyoyasema, nimetoa tu kukohoa kwangu na zile simu zilizokuwa zinalia kila dakika tano.

Wazee wangu shikamooni. Vijana, mambo vipi. Nashukuru kwa kuniita, japo nasikia kuna waliokuja kwa sababu ya chai na sambusa, nao karibuni, mtasikiliza huku mnatafuna hamna shida. Mwenyekiti aliniambia njoo utuongelee viwango vya chuma, nikamwambia mzee hiyo mada ukiitaja hivyo ukumbi utabaki na viti, ngoja niipitishie kwenye vita, niongelee mitutu ya bunduki na mizinga, chuma chake kilivyokuwa kinapimwa. Bunduki sijaleta, mlinzi pale getini ameshanipekua vya kutosha.

Naanza na swali. Nani humu wiki hii ameenda dukani akaomba chuma cha EN24? Naona mikono. EN8? Aah, mikono yote. EN19? Nayo ipo. Haya, hiyo EN ni nini? ... Huyu anasema Engineering. Yule mzee anasema England. Kijana wa nyuma anasema jina la kiwanda. Jamani, tunaitamka kila siku, tunaiandika kwenye risiti, tunagombana na wauza chuma kwa ajili yake, na hatujui. EN ni Emergency Number, yaani namba ya dharura, na dharura yenyewe ni vita ya pili ya dunia. Mwaka 1941 Uingereza imebanwa, meli zake zinazamishwa baharini, kila kiwanda kinataka chuma na kila kiwanda kina majina yake ya chuma, huyu anaita hivi yule anaita vile, ndo wakatoa kiwango kinaitwa BS 970, wakazifyeka zile aina nyingi mno zikabaki chache zenye namba, EN1, EN2, mpaka huko mwisho ambako hazifiki hata sitini. Miaka ya sabini Waingereza wenyewe wakabadilisha majina, EN8 ikawa 080M40, EN24 ikawa 817M40. Sasa nenda kwenye maduka ya chuma pale Gerezani, Dar, ukaombe 817M40 uone watakavyokutazama. Vita iliisha 1945 lakini dharura yake ipo mpaka leo kwenye midomo yetu.

Kilichonifanya nianze kufuatilia haya mambo sio historia, ni hasara. Zamani kidogo nilikereza shafti ya mashine ya kusaga ya mteja mmoja, chuma nimenunua mwenyewe, muuzaji, jina lake naliacha, kaniambia hii EN24 orijino, imepakwa rangi mwishoni kama inavyotakiwa na mimi nikaamini rangi. Shafti ikakaa wiki tatu. Siku ya kukatika hakukuwa hata na mzigo mkubwa, mahindi ya kawaida tu, ikalia paa, puli ikaruka ikapiga ukuta wa bati ikatoka nje, kama kungekuwa na mtoto amesimama pale leo nisingekuwa nawahadithia nacheka. Nikaiokota. Nyie mnajua chuma kizuri kikikatika kinakuwaje, kinavutika kwanza, kingo zinakuwa na midomo midomo rangi ya kijivu iliyofifia. Hii ilikuwa imekatika wima kama umevunja kipande cha chumvi ya mawe, chembe kubwa kubwa zinametameta. Mteja nilimlipa. Ila swali likabaki kichwani, kwamba mimi nimekereza miaka yote hiyo, macho yangu nayaamini, imekuwaje nikadanganywa na kipande cha chuma?

Sasa wenzetu waliwahi kujiuliza swali hilohilo, ila kwao kilichopasuka hakikuwa mashine ya kusaga.

Kwanza tuelewane mtutu unapambana na nini. Tairi la daladala unalijaza kama 35 mpaka 40 psi, yaani paundi kwa kila inchi mraba, si ndio. Risasi ya bunduki ya kijeshi ya Kimarekani ya wakati ule, ile ya .30-06, ikilipuka ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, presha inafika kama 50,000 psi. Elfu hamsini! Zidisha tairi lako mara elfu na kitu, tena inapanda na kushuka kabla hujapepesa jicho, halafu inarudia, na inarudia, na sentimita chache nyuma ya hapo kuna uso wa kijana wa miaka ishirini. Na ile presha haisukumi tu mbele, inasukuma pande zote kutaka kuutanua mtutu. Umewahi kuangalia soseji kwenye kikaango? Inapasuka kwa urefu siku zote, haikatiki katikati ikawa vipande viwili. Ndo hivyo hivyo kwa bomba lolote, nguvu ya kulipasua kwa urefu ni kama mara mbili ya nguvu ya kulikata.

Hapo ndipo utamu wa mambo ulipo. Chuma cha fito kimepitishwa kwenye rola kikavutwa kirefu, uchafu wote ulioko ndani, hasa ule wa salfa, nao unavutika kuwa nyuzi nyembamba zinazolala kwa urefu wa fito. Mtutu unatobolewa humohumo kwa urefu. Kwa hiyo udhaifu wa chuma umelala njia ileile ambayo presha inataka kupasua. Ukipima kipande ulichokata kwa urefu wa fito utapata majibu mazuri sana, utafurahi, na utakuwa umepima upande ambao hauna shida. Ndo maana kwenye mizinga mikubwa wakaguzi walikuwa wanataka kipande cha kupima kikatwe kwa kukingama, tena kutoka kwenye ncha za ule ule mzinga, sio kutoka kwenye kipande kingine kilichopikwa siku moja nao. Mkaguzi aliyeandika hilo sharti naamini alikuwa ameshadanganywa kama mimi.

Na ndo maana salfa na fosforasi ziliwekewa mpaka. Salfa inakifanya chuma kivunjike kikiwa cha moto, fosforasi inakifanya kivunjike kikiwa cha baridi, kwa hiyo hazina wakati mzuri hata mmoja. Chuma cha mtutu cha jeshi la Marekani kwenye vita ya kwanza kiliitwa WD 1350, WD ni idara yao ya vita, kilikuwa na kaboni asilimia 0.45 mpaka 0.55, manganizi asilimia 1.00 mpaka 1.30, na hizo mbaya mbili kila moja isizidi 0.05. Basi. Hakina nikeli, hakina kromiamu, ni chuma cha kawaida tu chenye manganizi nyingi. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba chuma cha bunduki ni cha ajabu, hapana, ni chuma cha kueleweka kilichopimwa vizuri.

Sasa kisa chenyewe. Springfield, Massachusetts, kiwanda cha serikali, wanatengeneza bunduki ya M1903. Mafundi pale ni wazee wa kazi, watu wa tanuri. Mwaka 1917 Marekani inaingia vitani na bunduki zinaanza kupasuka. Zilizopasuka nyingi sio mtutu wenyewe, ni lile boksi ambalo mtutu unafungwa humo kwa nyuzi kama za skrubu na komeo inafungia nyuma yake. Ganda la risasi likiwa bovu, gesi inavuja kwa nyuma, boksi badala ya kuvimba kidogo likastahimili linavunjika vipande vipande kama glasi ya chai. Kila mtu akalaumu risasi, na kweli risasi nyingine zilikuwa mbovu, zilitengenezwa haraka haraka. Lakini kuna wachache wakauliza, hata kama risasi ni mbovu, kwa nini chuma kivunjike kama glasi?

Wakafuatilia mpaka kwenye tanuri. Wakakuta hao wazee wanapima joto kwa macho. Yaani fundi anaangalia rangi ya chuma, akiona nyekundu anayoijua anasema imeiva, toa. Na msicheke, sisi wote humu tumefundishwa hivyo, mimi mwenyewe mwalimu wangu alikuwa anasema ikifika rangi ya embe bivu itoe. Halafu wakaleta vipima joto, wakakuta chuma kinachotolewa siku ya jua kali na kinachotolewa siku ya mawingu tofauti yake inafika mpaka digrii 300 za Farenhaiti, ambayo ni kama 165 hivi za Selsiasi. Kwa nini? Kwa sababu karakana ikiwa na mwanga mkali ile nyekundu inaonekana hafifu, fundi anaona bado, anaongeza moto. Siku ya mawingu rangi ileile inang'aa, anatoa mapema. Mzee yuleyule, macho yaleyale, uzoefu uleule wa miaka na miaka. Kilichobadilika ni jua la dirishani. Chuma kikizidishiwa moto kiasi hicho chembe zake zinanenepa na kinaungua, ukikishika kigumu vizuri tu, ukikipiga kwa ghafla hakina subira.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikaa kimya. Maana fundi wa namna hiyo hakuwa mvivu wala mwizi. Alikuwa fundi mzuri kuliko mimi.

Februari 1918 wakabadilisha utaratibu, kipima joto kikawekwa, na chuma kikawa kinapikwa mara mbili kwa masharti yaliyoandikwa. Wakaandika namba kabisa, bunduki za Springfield kuanzia ya 800,000 zimepikwa kwa njia mpya, na za kiwanda kingine cha Rock Island kuanzia 285,507. Piga hesabu mwenyewe, za kabla ya hapo ni zaidi ya milioni moja. Nyingi hazikuwa mbaya hata kidogo, ila ukiziangalia huwezi kujua ipi na ipi, na hawakuziondoa zote kwa mpigo, zingine ziliendelea kutumika miaka mingi na hazikumdhuru mtu. Mpaka leo wakusanyaji wa silaha za zamani huko Marekani kabla hawajafyatua wanaangalia namba kwanza.

Ndo hapo ninapotaka tuelewane kuhusu hii kitu tunaita kiwango. Watu wanadhani kiwango ni karatasi ya kumsumbua fundi. Mimi naona kiwango ni ule ujuzi wa yule mzee wa tanuri, umetolewa kichwani mwake ukaandikwa kwa namna ambayo jua la dirishani haliwezi kuuharibu. Kila neno pale kuna kitu kilipasuka.

Vifaa vya kupimia vilikuwa vimeanza kuja tangu mwanzo wa karne. Mswidi mmoja, Johan August Brinell, mwaka 1900 alionyesha wazo rahisi mpaka unaona wivu, chukua goroli gumu la milimita 10, likandamize kwenye chuma kwa kilo 3,000, halafu pima upana wa kishimo kilichobaki. Kishimo kidogo chuma kigumu, kishimo kikubwa chuma laini. Wafaransa nao kwa Georges Charpy, 1901, wakawa na nyundo ya kubembea, kile kipande kinawekewa chale halafu nyundo inaachiwa inakivunja inapita kwenda upande wa pili, ukiona imepanda juu sana ujue chuma hakikuizuia, hakina ubavu. Shafti yangu ile ningeipeleka kwa Charpy kabla ya kwa mteja! Kina Rockwell wawili, Hugh na Stanley, walikuwa kwenye kiwanda cha beringi Connecticut, wakataka kipimo cha haraka kisichohitaji kumpimia mtu kishimo kwa lenzi, hati yao ya ubunifu ilitoka 1919, na ndo ile mashine yenye saa mnayoiona pale maabara imefunikwa kitambaa.

Na ya kuvuta. Hii naipenda. Kipande cha kuvuta cha Kimarekani kinakerezwa kipenyo cha inchi 0.505. Kwa nini sio nusu inchi kamili, nani anajua? ... Kimya. Chukua hesabu, kipenyo 0.505, eneo lake linakuwa inchi mraba 0.2, yaani moja ya tano. Kwa hiyo ukivuta kikakatika kwa paundi 20,000 huhitaji karatasi wala kalkuleta, zidisha kwa tano, ni 100,000 psi. Kuna mtu alikaa akamfikiria fundi mwenzake aliyechoka saa kumi jioni. Mashine kubwa ya kuvuta ilikuwa kwenye kiwanda cha silaha cha Watertown, karibu na Boston, ilijengwa na bwana anaitwa Emery ikakamilika 1879, ina uwezo wa paundi 800,000. Kwenye kuikabidhi walivuta kiungo cha chuma chenye unene wa inchi 5 kikakatika kwa paundi 722,800, inaelezwa mlio wake haukuwa wa kawaida. Halafu bila kubadilisha kitu wakafunga unywele wa farasi, mashine ikaukata ikasoma paundi moja. Sisi mizani ya buchani tu inatushinda.

Mtutu ukishakerezwa ukamalizwa kuna jaribio moja la mwisho, na hili halina maabara. Unafungwa kwenye stendi, watu wanajificha, inapigwa risasi iliyojazwa kwa makusudi kuzidi kiasi, kama 70,000 psi badala ya ile 50,000, ganda lake limepakwa bati liwe jeupe ili mtu asije akalichanganya na risasi za kawaida. Ukipona unapimwa tena kama haujavimba, ndo unagongwa herufi P, ya proof, yaani umejaribiwa. Waingereza walikuwa na nyumba kabisa za kazi hiyo, ya Birmingham ni ya tangu 1813, sheria ikikataza kuuza bunduki ambayo haijapita pale.

Ila kupona sio uzima. Mtutu unaweza kupona ile risasi nzito na kutoka na ufa mdogo kama unywele ambao haukuwepo asubuhi. Ndo ikaja ya sumaku. Mmarekani mmoja William Hoke aligundua kwamba vumbi la chuma kutoka kwenye grainda linajipanga mistari juu ya kitu kilichoshikwa na sumaku, na ile mistari inafuata nyufa. Sisi wote tumeona vumbi likijipanga kwenye meza ya sumaku, tukapuliza tukaendelea na kazi. Yeye hakupuliza. Miaka ya thelathini ikawa kampuni, na vita ya pili ilipofika vipuri vya silaha vikawa vinapimwa hivyo baada ya ile risasi nzito, ndo maana kwenye mitutu ya Kimarekani ya baadaye utakuta herufi M, ya kipimo cha sumaku, na P zimekaa pamoja.

Sasa vita ya pili. Safari hii viwanda vya bunduki havikutosha hata nusu. Marekani ilitaka karabini ya M1, bunduki ndogo nyepesi, zikatengenezwa zaidi ya milioni sita, na waliotengeneza nisikilizeni vizuri: Underwood, watu wa taipureta. IBM, watu wa mashine za hesabu. Rock-Ola, watu wa yale makabati ya kupiga muziki baa, unatumbukiza sarafu wimbo unatoka. Smith-Corona, taipureta tena, wakapewa kutengeneza M1903A3. Hawa hawana babu aliyewahi kukaa kwenye tanuri la Springfield. Hakuna wa kuwaambia rangi ya embe bivu. Walichopewa ni michoro, geji, na karatasi za masharti ya chuma, joto hili, mafuta haya, ugumu kati ya namba hii na ile, sampuli ngapi kwa kila mpiko. Na mitutu ikatoka. Underwood walitengeneza mitutu yao wenyewe na ya viwanda vingine pia. Kama lile somo la 1918 lisingeandikwa, sijui hizo milioni sita zingekuwaje.

Chuma nacho kikawa kimebadilika, WD 4150 sasa, kaboni nusu asilimia, kromiamu kama asilimia moja, na molibdenamu kidogo 0.15 mpaka 0.25. Huyu ni ndugu wa damu wa EN19 yenu, tofauti kubwa ni kaboni tu. Molibdenamu inasaidia chuma kiive mpaka ndani na kisilegee haraka mtutu ukipata moto.

Shida ni kwamba hizo dawa za chuma zinachimbwa mbali. Nikeli nyingi Kanada. Kromiamu, sehemu kubwa ya ile ya Waingereza ilitoka Selukwe, Rhodesia, siku hizi panaitwa Shurugwi, Zimbabwe. Manganizi, kuna mgodi wa Nsuta kule Gold Coast, Ghana ya leo, ulianza kuchimbwa 1916 kwa sababu ya vita ya kwanza kabisa. Kwa hiyo mtu akisema chuma cha Sheffield, ule mji wa chuma wa Uingereza, sawa, lakini ukikichoma ndani kuna jasho la wachimbaji wa huku kwetu na kwenye ule muhuri wa mtutu hakuna herufi yao. Nalisema tu, tuendelee.

Meli zikizamishwa dawa hazifiki. Wamarekani mwaka 1942 wakaja na vyuma vya dharura, wakaviita NE, yaani National Emergency, angalia hilo jina, nao neno ni lilelile, dharura. Mfano 8620 na 8640 mlizozisikia zilizaliwa hapo. Ujanja wao ulikuwa huu, chuma chakavu kinachorudi tanurini tayari kina nikeli kidogo, kromiamu kidogo, molibdenamu kidogo, badala ya kulalamika kwamba chakavu ni kichafu wakaandika kiwango kinachotaka hivyo vidogo vidogo vyote vitatu. Ila ili ubadilishe chuma cha mtutu au gia katikati ya vita lazima ujue hiki kipya kitafanya kazi ileile. Hapo wakamshukuru Walter Jominy, ambaye yeye na mwenzake Boegehold walishatoa kipimo chao 1938. Unachukua fito ya inchi moja, urefu inchi nne, unaipasha, unaisimamisha wima na kupuliza maji kwenye ncha ya chini tu. Chini imepoa ghafla, juu imepoa taratibu, halafu unapima ugumu hatua kwa hatua kupanda juu. Kipande kimoja kinakuonyesha chuma hicho kitakuwaje kikipozwa haraka, wastani, na polepole. Vyuma viwili vyenye mchanganyiko tofauti kabisa vikitoa mchoro mmoja, badilisha bila woga. Mimi naona hapo ndipo kiwango kilipokua mtu mzima, kikaacha kuuliza una nini ndani kikaanza kuuliza utafanya nini nikikupasha na kukupoza.

Mtaniambia basi mzee umetudharau, macho hayana kazi. Hapana. Kuna kazi moja kwenye mtutu ambayo macho hayakufukuzwa hata kwenye vita ya pili. Kunyoosha. Tundu refu jembamba likishatobolewa mtutu unapinda kidogo sana. Mnyooshaji anaunyanyua kuelekea dirishani kwenye mstari mweusi, anachungulia, kivuli cha ule mstari kinaingia ndani kinakimbia kwenye ukuta wa tundu. Kivuli kikinyooka mtutu umenyooka, kikivunjika mahali fulani hapo ndo pamepinda, anauweka kwenye presi anaubana kidogo, anachungulia tena. Jua lilelile la dirishani lililomponza mtu wa tanuri ndo linamsaidia huyu, maana yeye haangalii rangi, anaangalia mstari, na mstari haubadiliki kwa mawingu.

Kuna kijana ameleta swali kwenye kikaratasi, anauliza kama huku kwetu kuna kitu tunaweza kwenda kukiona. Kipo. Ile meli ya Wajerumani, Königsberg, ambayo wazee wa pwani waliiita Manowari na bomba tatu kwa sababu ya zile chimni zake, iliizamisha meli ya Waingereza Pegasus pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikakimbilia kujificha delta ya Rufiji, ikamalizwa Julai 1915. Meli ikafa, mizinga haikufa. Wajerumani waliiopoa yote kumi, ya kiwanda cha Krupp cha kwao, kipenyo sentimita 10.5, wakaileta Dar es Salaam, karakana ya reli ikaitengenezea magurudumu, ikaburuzwa bara kupigana nchi kavu. Fikirieni, mitutu imeloa maji ya chumvi ya mikoko, hakuna Charpy wala Brinell karibu, na iliendelea kufyatua mpaka mmoja mmoja ukaishia porini. Mmoja uko Mombasa, Fort Jesus, pamoja na mzinga wa ile Pegasus. Ukienda usipige picha ukaondoka, zunguka uangalie mdomo wake kwa ndani, mifereo, ile mistari ya ndani ya kuzungusha risasi, bado inaonekana, aliyeikereza hiyo hakuwa na kompyuta. Ile alama inayosomeka L/40 maana yake urefu wake ni mara arobaini ya kipenyo, yaani mita 4.2, mkereze hiyo kwa lezi yenu ya futi sita.

Sasa chai imeshaiva nasikia vikombe. Kabla ya kunywa tutoke nje kidogo. Nimeleta vipande vitatu, kimoja ni chuma laini cha nondo, kimoja EN8 niliyonayo na cheti chake, cha tatu nimeuziwa juzi kikiwa na rangi ya EN24 na sijakigusa. Kila mmoja wenu apitishe kwenye grainda aangalie cheche, aandike jibu lake kwenye karatasi bila kumwonyesha jirani. Halafu tutarudi maabara tutoe kile kitambaa kwenye Rockwell, nimeshaijaribu asubuhi na kile kipande chake cha kulinganishia na inasoma sawa, umeme tu ndo tuombeane. Na wewe uliyesema EN ni jina la kiwanda, anza wewe.